Betri ya kifafa kifuani, sauti inayokwaruza na sumaku ya mkobani

"Assalaam aleykum daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, kwetu Mombasa, nimeolewa na naishi Leicester, Uingereza. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka 11. Nimejaribu dawa nne, sasa nameza mbili, na bado nilikuwa naanguka mara tano au sita kwa mwezi. Walinipima sana wakasema upasuaji wa ubongo haunifai kwa kuwa kifafa changu kinaanzia pande zote mbili. Miezi minane iliyopita wakanitia kile kifaa cha kifuani chenye waya wa shingoni. Sasa naanguka mara nne hivi kwa mwezi. Kila baada ya dakika tano sauti inakwaruza, nami nafundisha watoto Qur'ani Jumamosi na Jumapili, wananiiga, wanacheka. Muuguzi alipojaribu kuniongezea nilikohoa sana, akaniacha kwenye 1.0 tangu mwezi wa nne. Sumaku nimepewa mbili, ziko mkobani, naogopa kuzitumia. Mama mkwe anasema jini limekasirishwa na chuma, na kwamba umeme utamdhuru mtoto nikishika mimba. Disemba tunakwenda Mombasa wiki tano kwa harusi ya mdogo wangu. Je, kifaa kimeshindwa? Nikitoe? Na mbona nisiache angalau dawa moja?"

Waaleykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unauliza kama kifaa kimeshindwa. Mara ya pili nikaona kwamba jibu umeliandika mwenyewe katikati, pale uliposema umeachwa kwenye 1.0 tangu mwezi wa nne. Hapo ndipo penye shida yako, na shida hiyo ina dawa. Nisikuahidi zaidi ya hapo, maana sijakupima wala sijaona kumbukumbu zako. Nitakueleza ninavyouelewa mwenendo wa kifaa hiki, yaani kichocheo cha neva ya vegasi (kwa Kiingereza VNS), betri inayotuma mapigo madogo ya umeme kwenye neva ya shingoni, nawe uende na maneno haya kwa muuguzi wako wa kifafa.

Tuanze na matarajio. Watu wengi huingia chumba cha upasuaji wakidhani kifaa ni kama swichi ya taa: kikiwashwa leo, kesho kifafa kimekwisha. Sivyo. Kinafanya kazi polepole mno, hata sisi madaktari wakati mwingine tunakosa subira. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1998, waliopewa mkondo kamili wa umeme walipungukiwa na kuanguka kwa wastani wa asilimia 28 baada ya miezi mitatu. Washiriki walipofuatiliwa hadi mwaka mmoja, upungufu ukafika kama asilimia 45. Muda na dozi viliongezeka, na nafuu ikaongezeka. Sasa tazama hesabu yako: kutoka mara tano au sita hadi nne ni upungufu wa robo hivi. Uko pale walipokuwa wenzako miezi mitatu ya mwanzo, nawe una miezi minane, lakini nusu ya miezi hiyo mkondo wako haujapanda. Mtu aliyeandikiwa vidonge viwili akameza kimoja hatusemi kwamba dawa imemshinda.

Upande wa pili nao nikuambie wazi. Hata kwa dozi nzuri na muda wa kutosha, takriban nusu ya wanaowekewa hufikia kupungukiwa kwa nusu au zaidi. Wengine hupata nafuu ndogo, wengine hawapati chochote. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache sana. Aliyekuambia kwamba kifaa hiki kinaponya kifafa alikosea.

Sasa kwa nini sauti? Ukilielewa hili, mengine yatanyooka yenyewe.

Waya wako umezungushwa kwenye neva iitwayo vegasi, upande wa kushoto wa shingo. Ni ya kumi katika jozi kumi na mbili za neva zinazotoka moja kwa moja ubongoni, na ni ndefu kuliko zote: inashuka shingoni, inapita kifuani, inafika moyoni, mapafuni na tumboni. Watu hudhani kazi yake ni kupeleka amri chini. Kinyume chake, takriban nyuzi nane katika kila kumi ndani yake zinapeleka habari juu: tumbo limejaa, moyo unakwenda mbio, pumzi imebana. Habari hizo hupokewa kwenye shina la ubongo, kisha husambazwa hadi sehemu za ndani kabisa, pamoja na kikundi kidogo cha seli kinachonyunyizia ubongo mzima kemikali ya noradrenalini. Ndiyo maana kifaa hakihitaji kugusa ubongo. Kinabisha hodi chini, na hodi inasikika hadi ghorofani.

Kifafa chenyewe ni suala la mdundo. Seli za ubongo zinapopiga kila moja kwa zamu yake, unawaza, unasema, unatembea. Kundi kubwa likishika mdundo mmoja kwa pamoja na kwa nguvu, mtu huanguka. Hodi zile za mara kwa mara zinaufanya ubongo usiwe mwepesi wa kushikwa na mdundo huo. Mabadiliko hayo hujengeka kwa miezi, kama misuli ya mtu anayeanza kupiga makasia.

Lakini ndani ya kamba hiyohiyo ya vegasi mnapita pia nyuzi za zoloto, yaani zinazoendesha sauti. Na njia yake ni ya ajabu. Nyuzi za sauti ya upande wa kushoto zinashuka na vegasi hadi kifuani, zinapinda chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha zinapanda tena shingoni hadi kwenye zoloto. (Twiga naye ana neva hiyohiyo. Inashuka shingo yote na kuipanda tena, mita kadhaa, kwa ajili ya sauti ambayo twiga mwenyewe haitumii sana.) Kwa hiyo waya uliozunguka vegasi shingoni umezunguka pia njia ya sauti yako. Kifaa kinapobisha hodi ubongoni, kinaitikisa na zoloto. Mpangilio wa kawaida ni sekunde 30 za kupiga na dakika 5 za kupumzika, ndiyo hizo dakika tano ulizozihesabu bila kuambiwa. Kukwaruza kwa sauti, kikohozi na mwasho wa koo ni dalili kwamba kifaa kina uhai na waya haujakatika. Si dalili kwamba kuna kinachoharibika.

Sasa tufike kwenye lile 1.0. Hiyo ni nguvu ya mkondo, miliampea moja. Wengi huanzishwa na 0.25 na kupandishwa kwa hatua ndogondogo, na kliniki nyingi hulenga kufika kama 1.5 au 1.75. Wewe ulipokohoa, muuguzi akasimama, na kusimama kwa siku ile hakukuwa na kosa. Kosa ni kusimama miezi minne. Nguvu ya mkondo si kitu pekee kinachopangwa. Kuna urefu wa kila pigo, ambao mara nyingi ni mikrosekunde 500 au 250. Kuna idadi ya mapigo kwa sekunde, 30, 25 au 20. Koo linalosumbuliwa na mapigo marefu ya 500 mara nyingi hutulia likipewa 250; lisipotulia, mapigo yanashushwa kutoka 30 hadi 20. Baada ya hapo nguvu inaweza kupandishwa tena taratibu, hata 0.125 kwa hatua kwenye modeli zinazoruhusu. Yote hufanywa kwa kompyuta ndogo na kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, bila sindano wala kisu, kwa dakika chache.

Umeona mambo yalivyofungana? Sauti yako na kuanguka kwako ni shida moja. Koo lilizuia dozi, dozi ikazuia nafuu. Likifunguliwa koo, dozi itapata njia.

Nakuomba usivumilie hapa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mgonjwa mwema ni asiyelalamika, na ukiongeza heshima tunayowapa madaktari wa ugenini, mtu anaweza kukaa na sauti ya chura mwaka mzima akisema alhamdulillahi. Subira ina mahali pake, kwa mfano kuusubiri mwaka wa pili wa kifaa uishe. Kwenye kikohozi ambacho kingeweza kuondolewa kwa kubonyeza kompyuta, subira haina faida kwa mtu yeyote. Piga simu wiki hii. Sema hivi: "Nataka kuangaliwa urefu wa pigo na idadi ya mapigo, kwa sababu sauti ndiyo kazi yangu, na nataka dozi yangu iendelee kupanda." Muuguzi atakuelewa mara moja. Uliza pia kama modeli yako inaweza kuwekewa mpangilio mmoja wa mchana na mwingine wa usiku. Baadhi ya mpya zinaweza.

Na darasa la Jumamosi? Hapo ndipo zinapoingia sumaku zako.

Sumaku ina kazi mbili zilizo kinyume, na nahisi ndiyo sababu inakutisha. Ukiipitisha juu ya kifaa kwa sekunde moja na kuiondoa, unakiamuru kipige mara moja ya ziada, kwa kawaida dakika nzima na kwa nguvu inayozidi kidogo ile ya kawaida. Hiyo ni kwa ajili ya kuanguka: ukihisi zile dalili zako za mwanzo, au mumeo akiona umeanza, ipitishwe. Kwa baadhi ya watu hukata, kwa wengine hufupisha au humfanya mtu azinduke mapema, na kwa wengine haifanyi chochote. Haina madhara kuijaribu. Ukiishikilia juu ya kifaa bila kuiondoa, kinanyamaza kabisa kwa muda wote huo. Ukiiondoa, kinarudi kwenye ratiba yake. Hiyo ni kwa ajili ya mambo mafupi yanayohitaji koo: kusoma sura mbele ya watoto, kuongea na watu wengi, kula chakula kigumu kukimeza. Niliwahi kumhudumia mwanakwaya aliyekuwa akiibandika sumaku kwa plasta kabla ya wimbo wake, akaimba, akaibandua. Hakuna aliyejua.

Ila usiibandike siku nzima kwa ajili ya sauti. Saa ambayo kifaa kimenyamazishwa ni saa ambayo hukitumii. Tumia dakika kumi za kusoma, kisha toa. Ukifika kliniki, fanya jaribio lako la kwanza pale pale muuguzi akiwepo, ili hofu iishie hapo. Baadaye uipitishe nyumbani mara kwa mara hata kama hujaanguka, uhakikishe unausikia mkondo. Ndivyo utakavyojua betri ingali hai. Na uziondoe mkobani! Sumaku ile inaweza kukuharibia kadi ya benki. Moja ivae kiunoni au mkononi, nyingine mpe mumeo.

Dawa usiache. Kifaa hiki ni cha kuongezea dawa, hakijawahi kuwa mbadala wake. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo huua. Ikifika siku umepata nafuu nzuri kwa muda mrefu, daktari wako anaweza kupunguza dawa moja taratibu, hasa ile inayokulevya au kukunenepesha. Hilo ni jambo zuri la kulitarajia, lakini bado haujafika wakati wake.

Hukutaja majina ya dawa zako, na hilo limenikosesha raha, kwa sababu mnataka mtoto. Ikiwa mojawapo ni sodiamu valproeti, usisubiri miadi ya kawaida. Piga simu uombe kuonana na daktari kabla hujashika mimba. Kwa mama anayeitumia, takriban mtoto 1 katika kila 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 au 4 katika kila 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Ndiyo maana Uingereza imeiwekea masharti makali kwa wanawake. Topirameti nayo ina hatari zake. Lamotrijini na levetirasetamu zina rekodi nzuri zaidi, ingawa kiwango cha lamotrijini hushuka sana damuni wakati wa mimba na huhitaji kupimwa. Wanawake wote wanaotumia dawa za kifafa na wanaotaka mimba huanzishiwa asidi ya foliki ya miligramu 5 mapema, ambayo ni lazima iandikwe na daktari. Narudia: piga simu, usiache mwenyewe. Kuanguka kukubwa ukiwa mjamzito ni hatari kwako na kwa mtoto pia.

Kifaa chenyewe, mwambie mama mkwe, hakimfikii mtoto. Mkondo wake unatembea kati ya vipande viwili vya chuma vilivyozunguka neva moja shingoni, umbali wa milimita chache. Hauingii kwenye damu, hauchanganyiki na dawa. Wanawake wenye kifaa hiki wameshika mimba na kuzaa. Ultrasaundi ya kumtazama mtoto haina tatizo. Ikibidi kuzaa kwa upasuaji, timu iambiwe mapema ili ichukue tahadhari na vifaa vyake vya umeme vya kuzuia damu.

Kuhusu jini, sitamkejeli mama. Woga wa kifafa kwetu ni wa zamani na umewagharimu watu sana. Daktari Louise Jilek-Aall alipofika Mahenge, kusini mwa Tanganyika, karibu na mwaka 1960, alikuta watu wenye kifafa wakiwa na makovu ya moto. Walikuwa wakiangukia mekoni na watu wakiogopa kuwagusa, wakiamini kwamba povu linaambukiza. Alifungua kliniki, akaanza kuwapa vidonge vya fenobabitoni, na wengi wakaacha kuanguka. Povu ni mate tu, haliambukizi. Mama mkwe akitaka kukusomea dua, mwache asome. Dua haina ugomvi na betri. Ila akitaka uache dawa au kifaa, hapo mumeo ndiye asimame aongee na mamake, si wewe.

Safari ya Mombasa nimeiacha hadi sasa kwa sababu ina mengi.

Kifaa hakikuzuii kupanda ndege. Tembea na kadi yake. Kwenye ukaguzi, waonyeshe, pita langoni bila kusimamasimama, na kile kipimo cha mkononi wasikikawize juu ya kifua. Dawa zote za wiki tano, na za wiki moja zaidi, ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Mzigo wa chini hupotea. Mombasa iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu mwezi wa Disemba, kwa hiyo mpange na muuguzi jinsi ya kusogeza saa za dawa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usingizi. Ndege ya usiku, kisha jamaa wamejaa sebuleni, kisha mkesha wa wanawake hadi alfajiri siku tatu mfululizo: hiyo ndiyo njia fupi ya kuanguka mbele ya wageni, na hakuna betri itakayoizuia. Chagua usiku mmoja wa kukesha, labda ule wa hina, na siku yake ulale mchana. Nyingine nenda, cheza, halafu rudi ulale. Mdogo wako atakusamehe.

Ukiwa ukumbini, usikae umeegemea spika kubwa. Zina sumaku ndani, na sharti ni sentimita 20 au zaidi kutoka kifuani. Vivyo hivyo simu na vifuniko vya tableti vyenye sumaku: usivitie mfuko wa kifuani. Baharini usiogelee peke yako, na anayekwenda nawe ajue kuogelea na ajue una kifafa. Ukisaidia kupika shughulini, kaa upande wa kukatakata, wengine wakae na sufuria za pilau.

Vidonge vya kuzuia malaria viulizie mapema, maana pwani malaria ipo na homa yenyewe huchokoza kifafa. Meflokwini haifai kabisa kwa mwenye kifafa. Doksisaiklini inaweza kudhoofika ukiwa unatumia dawa za kifafa kama karbamazepini au fenitoini. Mfamasia atoe jibu akiwa na orodha yako yote mkononi.

Lipo jambo ningependa uliandike kwenye karatasi uitie pamoja na pasipoti, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ukiugua kule unaweza kuhudumiwa na mtu ambaye hajawahi kukiona kifaa hiki. Eksirei, CT na ultrasaundi ya uchunguzi hazina shida. MRI isifanywe mpaka kifaa kizimwe na mtu mwenye kompyuta yake, na kwa masharti ya modeli yako; jina la modeli liandikwe hapo. Matibabu ya joto la umeme yanayoitwa daithemia, ambayo hutumika kwenye tiba ya viungo kwa maumivu ya mgongo na mabega, pamoja na ultrasaundi ya matibabu, ni marufuku kwako popote mwilini, hata kama kifaa kimezimwa, kwa sababu joto linaweza kusafiri kwenye waya na kuunguza neva. Na ukishawishiwa kuumikwa, shingo ya kushoto na kifua cha kushoto visiguswe.

Mkienda, nyumba nzima ifundishwe. Ukianguka: watazame saa, wakulaze ubavu, watoe vitu vigumu karibu nawe, wapitishe sumaku. Kijiko mdomoni hapana, maji hapana, kitunguu puani hapana, kukushikilia kwa nguvu hapana. Zikipita dakika tano hujatulia, au ukianguka tena kabla hujazinduka, au umeumia, au ulikuwa majini, ni hospitali papo hapo. Uingereza piga 999, Mombasa gari liwe linajulikana tangu siku ya kwanza. Uliza pia kama unastahili kuandikiwa midazolamu ya kuwekwa ndani ya shavu kwa dharura, na mumeo afundishwe kuitumia.

Yapo mengine yanayohitaji uonekane ana kwa ana, si kwa barua. Kidonda kikiwa chekundu, kikivuja au ukipata homa. Maumivu makali ya shingo, hasa baada ya kuanguka vibaya au kuvutwa. Sauti ikipotea kabisa na isirudi hata kifaa kinapopumzika. Kupaliwa mara kwa mara unapokula. Kuzirai kusikofanana na kuanguka kwako kwa siku zote. Mumeo akisema unakoroma kuliko zamani au pumzi inakatika usingizini, hilo nalo liseme, kwa sababu kifaa kinaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi usiku na hurekebishwa kwa mipangilio. Ukihisi kifaa kinapiga bila kupumzika, bandika sumaku juu yake isitoke, uende hospitali ikiwa imebandikwa hivyo hivyo. Na kuanguka kukiongezeka ghafla baada ya miaka ya nafuu, betri ndiyo ya kwanza kushukiwa. Hudumu miaka kadhaa kulingana na mipangilio, na kuibadilisha ni upasuaji mdogo wa kifuani bila kugusa shingo.

Kuhusu kukitoa: inawezekana, ila nisingekitoa sasa. Ningesubiri dozi ifike mahali pake, kisha nihesabu tangu hapo mwaka mmoja hadi miwili, nikiwa na daftari la kuanguka lililoandikwa kila siku. Na kuhesabu tu hakutoshi. Andika pia kumedumu kiasi gani na umechukua muda gani kurudi katika hali yako, maana wengine idadi haishuki sana lakini kuanguka kunakuwa kufupi na wanazinduka haraka, nao hawataki kifaa kiguswe. Ikifika hapo na daftari halionyeshi chochote, kinaweza kuzimwa kwanza, bila kukitoa, mkaona kama kuna tofauti. Kisanduku cha kifuani hutolewa kwa urahisi. Vile vipande vya shingoni wakati mwingine huachwa kwa sababu vimeshikamana na neva. Zipo njia nyingine za kujadili: lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo chini ya mtaalamu, au vichocheo vinavyowekwa ndani ya ubongo wenyewe, ambavyo ni upasuaji mkubwa kuliko huu. Dawa ya tano peke yake ina nafasi ndogo ya kubadilisha mambo, nawe ulishajaribu nne.

Na mama mkwe, siku mkiwa mmetulia Mombasa, mpe sumaku mkononi. Mwache aipitishe mwenyewe juu ya kifua chako, asikie sauti yako ikikwaruza kwa dakika moja kisha ikirudi. Akishaona kwamba chuma hicho kinamtii hata yeye, mfundishe na kutazama saa.